Mwizi Aliyefunika Kopo

Ndugu msomaji, wako wazee ambao ukiwauliza habari za zamani hukupa historia ya nchi, na wako wengine ambao hukupa historia ya suruali. Babu yangu mzaa mama ni wa kundi hili la pili. Nami, kwa kuwa nilisomea uandishi wa habari na kufundishwa kwamba mzee ni maktaba, ilinichukua muda mrefu kukubali kuwa maktaba niliyojaliwa ina rafu nyingi za mitindo, dansi na kandanda, na rafu moja tu, tena fupi, ya mambo mazito.

Chukua mfano wa Uhuru. Babu aliingia Dar es Salaam kutoka Rufiji mwaka 1961, kijana wa miaka 17, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba alikuwa miongoni mwa maelfu ya watu waliofurika uwanjani. Nilimwomba anieleze ilikuwaje taa zilipozimwa bendera ya Mwingereza ikateremshwa, na zilipowashwa ile ya Tanganyika ikawa juu. Aliinamisha kichwa kama mtu anayekumbuka jambo kubwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "gizani pale mtu alinikanyaga kiatu. Kiatu kipya, nakivaa kwa mara ya kwanza. Taa zilipowaka watu wote walikuwa wakitazama juu, mimi peke yangu natazama chini."

Huyo ndiye Babu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwamkia nyumbani kwake Magomeni. Nilimkuta amekaa barazani juu ya mkeka, bao mbele yake, na kete zote 64 ziko tayari kunisubiri. Nikamwamkia, akaitika, kisha akauliza kama ilivyo ada yake, "Mke wangu hajambo?" akimkusudia mke wangu mimi, maana kati ya babu na mjukuu utani huo hauna mwisho. Ndani, nyuma ya pazia la ukumbini, cherehani ya Bibi ilikuwa ikisaga kwa mwendo wake wa siku zote. Cherehani hiyo ni ya kuzungusha kwa mkono, na sisi wajukuu tumelala na kuamka kwa mlio wake tangu tulipopata fahamu.

Ni lazima nieleze kwanza jinsi Babu anavyocheza bao. Hatumii akili peke yake; hutumia na mazungumzo. Anakuhadithia jambo la kuchekesha wakati ukiwa katikati ya hesabu, na ukishacheka umekwisha sahau kete ulizokuwa umehesabu shimoni. Siku hiyo alianza na suruali.

Katika miaka ya sitini Babu alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini. Kutwa nzima alikuwa akisimama juani na penseli sikioni akihesabu magunia ya korosho na marobota ya katani, na jioni alikuwa mtu mwingine kabisa. Barobaro wa wakati ule, asema, alijulikana kwa kiatu kilichong'aa, shati jeupe, na suruali iliyobana mguu mpaka kuivaa ukahitaji msaidizi. Jumamosi walikuwa wakielekea Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, kusakata rumba na chacha. Bendi zilikuwa nyingi. Palikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, ile ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na ambayo sisi wa leo twaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kiingilio kilikuwa tatizo. Dawa yake ilikuwa ni kumpata mtu wa kubeba magitaa akubali kukugawia gitaa moja ubebe wewe, uingie mlangoni nalo kwa uso wa kazi.

Senema nazo zilikuwako mjini, Empire, Avalon, Odeon na kadhalika, lakini Babu anaikumbuka zaidi ile ya kutazamia ndani ya magari kule Msasani, mahali palipojengwa baadaye ubalozi wa Marekani. Yeye na wenzake hawakuwa na gari, hawakuwa hata na baiskeli. Walikuwa wakisimama nje ya uzio na kutazama picha kwa mbali. Tatizo ni kwamba sauti ilikuwa ikitokea katika vipaza sauti vya kutundikwa garini, kwa hiyo wao waliona midomo ikicheza tu. Basi Babu aliteuliwa na wenzake kuwa msemaji. Mzungu akifungua mdomo, Babu anamsemea Kiswahili. Majambazi wa Amerika walikuwa wakidaiana kodi ya nyumba, mabibi walikuwa wakilia kwa sababu ya bei ya dagaa. Anaapa kwamba siku moja watu waliolipa waligeuza shingo na kumsikiliza yeye.

Nilicheka, nami nikapoteza kete kumi na mbili.

Kisha ikaja Operesheni Vijana. Msomaji mwenye umri atakumbuka kwamba Umoja wa Vijana wa TANU uliitangaza Oktoba 1968 na kuianza rasmi tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Vitabu vya historia vikiligusa jambo hili hueleza zaidi habari za wasichana, na ni haki, maana wao ndio waliosumbuliwa zaidi. Lakini na wanaume walikuwako. Babu asema kwamba kipimo walichokisikia mtaani kwao kilikuwa chupa ya soda: ikitumbukizwa kiunoni isipotokea chini mguuni, wewe na suruali yako mna kesi. Yeye alikuwa na suruali tano, na hakuna hata moja iliyoweza kupitisha kalamu.

"Ukafanyaje?"

"Bibi yako alizifumua zote tano na kuzitia kipande pembeni. Kwa sindano ya mkono, juma zima, kucha kutwa. Cherehani hakuwa nayo wakati ule."

Aliposema maneno hayo cherehani ndani ikanyamaza. Babu naye akanyamaza. Akazitazama kete kana kwamba zimemwuliza swali, kisha akacheza haraka na vibaya, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya.

Nikamwuliza taratibu, "Kwa nini hakuwa nayo?" Nilijua kwamba Bibi alikuwa amejifunza ushoni kabla hajaolewa.

Hapo ndipo Babu aliposogea karibu, akageuka kutazama pazia, na kuniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo, kwa kauli yake, hakupata kumwambia kiumbe. Alinipa ruhusa ya kuliandika kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na mimi nimetimiza.

Babu ni Yanga. Bibi ni Simba, tangu wakati ambapo klabu hiyo ilikuwa ikiitwa Sunderland, jina lililobadilishwa mwaka 1971. Ndoa yao, iliyofungwa mwaka 1966, imevuka mambo mengi, lakini hili halijapata kutatuliwa. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa bila. Babu asema kwamba kwa muda wa juma zima hakuwa na akili zake. Hakulala, hakula sawasawa, bandarini alihesabu magunia akaishia kila mara kwenye tano. Na katika hali hiyo alipita mbele ya duka moja mjini, akaiona dirishani gramafoni ya betri, nyekundu, ambayo kifuniko chake ndicho spika yenyewe.

Wakati huo walikuwa wamepanga chumba kimoja Kariakoo. Uvunguni mwa kitanda palikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo hilo mlikuwa na fedha za Bibi. Si za Babu hata senti moja. Zilikuwa ni za vitumbua. Bibi alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kuvichoma na kuvipeleka kwa wafanyakazi wanaowahi kazini, na kila siku alikuwa akiweka kopoi alichojaliwa. Alifanya hivyo kwa miezi kumi na minne, akikusudia cherehani.

"Nilizichukua zote," Babu akasema. "Nilinunua gramafoni, betri sita, na santuri tatu. Zilibaki senti hamsini, nikanunulia kahawa na kashata."

Kwa mkewe alisema kwamba mwizi ameingia dirishani. Gramafoni aliificha kwa rafiki miezi miwili, na hatimaye akaileta nyumbani akidai kwamba ameazimwa na mwenzake mmoja aliyehamishiwa Tanga. Huyo mtu wa Tanga hakuwako. Babu alimwumba mwenyewe njiani, akampa kazi ya reli, mke, na watoto wawili.

Bibi alipoambiwa habari za mwizi hakulia wala hakugomba. Alianza tena upya na vitumbua vyake, na cherehani akainunua mwaka 1970, mama yangu akiwa na mwaka mmoja.

Yafaa niseme hapa kwamba mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuja kutafuta habari za dansi za kuwafurahisha wasomaji Jumapili, nami nikaona kalamu inakuwa nzito. Babu aliliona hilo usoni mwangu na, kwa kuwa ni mtu asiyependa mtu akunje uso barazani kwake, akakimbilia kandanda. Akanikumbusha tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo Simba ililipa kisasi kwa mabao 6 kwa bila, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga matatu. Alirejea nyumbani usiku, kichwa chini. Bibi hakusema neno. Alimtengea sahani ya vitumbua, na vilikuwa sita.

Basi tukacheka wote wawili, na ndipo pazia lilipofunuliwa.

Bibi alitoka na kigoda chake, akaketi, akakunjua miguu polepole. Ana miaka 78, masikio yake hayana ubovu wowote, na ukuta wa ukumbini si mnene.

"Mume wangu," akasema, "yule rafiki yako wa Tanga hajambo?"

Sijapata kumwona Babu akikosa la kusema, lakini siku hiyo nilimwona.

Ikadhihirika kwamba Bibi alijua tangu usiku ule ule. Alilivuta kopo uvunguni akalikuta tupu, lakini limefunikwa kifuniko chake vizuri, na limerudishwa mahali pake ukutani nyuma ya sanduku. "Mwizi gani," aliniuliza mimi kana kwamba ndimi hakimu, "anayeiba fedha kisha akafunika kopo na kulirudisha? Mwizi hana adabu hiyo. Hiyo ni adabu ya mtu anayelala humo humo ndani."

Na kwa nini hakusema? Alikuwa ameolewa miaka miwili tu, asema, na aliona kwamba akilisema ataambiwa aombe radhi kwa kumshuku mumewe, na wazee wa pande zote mbili watakuja kula wali wake kwa suluhu. Akaona heri aihifadhi deni. Kila Idi akawa anauliza kwa upole habari za rafiki wa Tanga, na kila Idi Babu anajibu kwamba anakusalimu, watoto hawajambo. Mpaka mwaka 1975 Babu alipochoka na uongo huo, akamfisha yule mtu kwa homa. Bibi alisikitika sana. Akasema kwamba si ungwana kukaa kimya, ni lazima mjane apelekewe rambirambi, na kwamba yuko mama mmoja jirani anayesafiri kwenda Tanga. Babu akatoa shilingi ishirini kutoka katika mshahara wake.

"Nilinunulia zipu na vifungo," Bibi akasema.

Nilidhani kwamba hesabu imeishia hapo, kumbe bado.

Wasomaji wetu waliokuwa na umri mwanzoni mwa miaka ya themanini hawahitaji kusimuliwa hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuacha hazina tupu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, watu wakiacha jiwe au tofali lishike nafasi yao msitarini na kwenda kazini. Unga wa mahindi ya njano toka ng'ambo ulipachikwa jina la "yanga" kwa rangi yake, na Bibi alikuwa akiukoroga kwa furaha, akimwambia mumewe kwamba leo tena tunaitafuna timu yako. Betri hazikupatikana. Watu wakawa wanazianika kuukuu juani zipate uhai wa nusu saa wa kusikilizia taarifa ya habari na mchezo wa Pwagu na Pwaguzi katika Radio Tanzania. Gramafoni yenye kula betri sita kwa pamoja ilikaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haisemi.

Mwanzoni mwa mwaka 1983 mama yangu alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Katika mtaa ule alikuwa msichana pekee mwaka huo. Barua ya shule ilikuja na orodha: sketi mbili, mashati mawili, mashuka, na mengineyo. Cherehani iliyaweza yote hayo, lakini kitambaa hakikuwako madukani. Babu alizunguka kwa majuma mawili akarudi mikono mitupu. Akaanza kusema, na hilo mama yangu analikumbuka mpaka leo, kwamba labda mtoto angesubiri mwaka mmoja.

Siku moja Babu alirudi kazini akaambiwa kwamba mwizi ameingia na kuchukua gramafoni pamoja na santuri zote. Siku ya tatu yake Bibi alikuwa na majora moja la kitambaa cha bluu na jingine jeupe, akashona usiku kucha kwa taa ya chemli. Baharia mmoja ndiye aliyefanya naye mabadilishano. Mama yangu aliondoka kwenda shule, akamaliza, akawa mwalimu, na miongoni mwa watoto aliowafundisha kuandika ni huyu anayekuandikieni sasa.

"Nimemficha miaka arobaini na zaidi," Bibi akaniambia, huku akimtazama Babu kwa jicho la pembeni. "Alihuzunika sana. Nilimwonea huruma, lakini nikasema, na aonje."

Babu alikuwa akichezea kete moja kiganjani. Akasema polepole, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kitambaa cha kufuma. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimewekwa juu ya meza pale pale. Mwizi wako naye alikuwa na adabu. Na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Kwani uliniona nikienda kwa balozi kutoa taarifa?"

Ndugu msomaji, nimewahoji watu wa vyeo mbalimbali katika kazi hii, lakini sijapata kuuona uso ukibadilika kama ulivyobadilika uso wa Bibi. Alikuwa ameishi muda wote huo akiamini kwamba yeye ndiye mjuzi na mwenzake ndiye mjinga, na kwa upande wa pili wa kitanda mwenzake alikuwa akiamini vivyo hivyo. Alifungua mdomo akaufunga. Hatimaye akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo, "Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?" Babu akajibu. "Gramafoni haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu wa Tanga."

Bibi alianza kucheka taratibu, kicheko cha kifuani, kisha kikamshinda, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Sikuweza kujua kama yote yalikuwa ni kicheko. Babu hakumtazama. Aliendelea kuichezea ile kete, na baada ya kitambo akasema kwa sauti ndogo kwamba zile za vitumbua zilikuwa za miezi kumi na minne, na kwamba naye amezihesabu mara nyingi. Ndiyo radhi pekee niliyoisikia. Bibi aliitika kwa kichwa, akainuka kwa kushikilia ukuta, akarudi ndani.

Tukaendelea kucheza. Haukupita muda, sauti yake ikasikika nyuma ya pazia: "Baba, uzi umetoka."

Macho ya Bibi hayaoni tena tundu la sindano. Babu yeye alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tangu hapo kutunga uzi ni kazi yake. Mama yangu aniambia kwamba kuna siku huitwa mara kumi na huenda mara kumi. Alivaa miwani, akainuka, akaniacha na bao.

Nilipata nafasi ya kuzihesabu kete zake kwa utulivu, bila ya hadithi. Zangu nilizijua idadi yake. Nilipozijumlisha na zake zikawa 67.